UZI: Danjeni za maji, moto, barafu na upepo. Elementi inafanya kazi, au ni rangi ya ukuta?

#1 Mchora Ramani

Wadau, habari za humu. Nina jambo limenikaa kichwani muda mrefu, leo naliweka mezani.

Nazungumzia danjeni: yale mahekalu, mapango na majumba ya kwenye gemu za safari. Unaingia kwa mlango mmoja, ndani kuna funguo, mafumbo na kifaa kipya, na bosi, yaani adui mkuu, anakusubiri mwisho. Karibu kila gemu ya aina hii ina danjeni ya maji, ya moto na ya barafu, na mara nyingine ya upepo au ya giza. Tumezoea mno. Ukiona mlima unafuka moshi kwenye ramani unajua kabisa utakutana na nini huko.

Hoja yangu ni kwamba danjeni nyingi za moto hazina moto wowote. Ni vyumba vya kawaida vilivyopakwa rangi nyekundu. Toa lava, weka shimo tupu mahali pake, na hakuna fumbo hata moja litakaloharibika.

Kipimo ninachotumia ni hiki. Chukua karatasi na penseli, chora ramani ya danjeni bila rangi, bila muziki, bila maadui. Kila chumba andika mchezaji anafanya nini humo, basi. Kisha mpe mtu asiyeijua gemu hiyo akuambie ni danjeni ya elementi gani. Akishindwa, ujue elementi ilikuwa koti tu.

Inayopita kipimo hiki bila jasho ni Hekalu la Maji la Ocarina of Time, gemu ya 1998 ya Nintendo 64. Najua kuna waliokwisha kunja uso. Nivumilieni kidogo.

Jengo lote lile ni kama tangi moja refu lenye mnara katikati. Maji yana vina vitatu, na kuna sehemu tatu za kupiga wimbo wa kuyabadilisha, kila sehemu na kina chake. Kwa hiyo ukumbi mmoja una sura tatu. Mlango uliokuwa juu ya kichwa chako sasa uko usawa wa kifua, na ngazi uliyoitegemea imezama. Halafu kuna ule ufunguo uliotesa watu. Ndani ya mnara wa katikati, ukipandisha maji mpaka kina cha kati, kuna boya lililokuwa limekaa sakafuni linaelea, na pale lilipokuwa limekalia pana shimo la kushukia. Wengi wanapandisha maji kisha wanakimbilia juu kutafuta mlango mpya. Akili inasema maji yamepanda, na mimi nipande. Kumbe maji yaliyopanda yamefungua njia ya chini! Ondoa maji kwenye fumbo hilo uone kama kuna kitu kinabaki.

Mnasemaje? Na nani ana danjeni ya moto inayopita kipimo?

#2 Kibatari

Mkuu, kwa ramani nakuunga mkono. Ila usiwafanye watu waonekane wavivu. Waliolichukia hekalu lile walikuwa na sababu: viatu vya chuma. Kila ukitaka kuzama unasimamisha gemu, unafungua menyu, unakwenda ukurasa wa mavazi, unavaa, unafunga menyu. Ukitaka kuelea, unarudia safari yote. Chumba kimoja unaweza kuifanya mara sita. Eiji Aonuma aliyebuni mahekalu ya gemu ile amekiri hadharani kwamba viatu vile vilikuwa usumbufu. Toleo la 3DS, ile Nintendo ya kushika mkononi, lilipotoka 2011 waliviweka kwenye kitufe kama kifaa kingine chochote, wakachora na mistari ya rangi ukutani kukuelekeza sehemu za kubadilishia kina.

#3 Mchora Ramani

Kibatari, hilo sibishi hata kidogo. Ila angalia walirekebisha nini. Maji hayakuguswa, vina havikuguswa, boya liko palepale. Kilichohamishwa ni kitufe.

Na mimi nadhani wazo la viatu ndilo bora kuliko yote mle ndani. Fikiria maji yanamuuliza mtu nini anapoyaingia: unazama au unaelea? Viatu ni jibu la swali hilo, na jibu linabadilika kila baada ya hatua chache. Ukiwa chini unatembea polepole na kupigana kwa shida. Ukivua unapanda moja kwa moja bila kuweza kusimama katikati. Ndiyo maana unapaswa kupanga: nivulie hapa au pale, chini ya tundu lipi la dari?

Linganisha na joho jekundu la gemu hiyohiyo, lile la kuzuia joto. Ukiingia Hekalu la Moto bila hilo joho, saa inaanza kuhesabu na ukichelewa unakufa. Ukilivaa, joto limekwisha habari yake. Hulifikirii tena mpaka unatoka. Hapo elementi imegeuka kufuli, na joho ni ufunguo. Kufuli likishafunguliwa hakuna anayelikumbuka.

#4 Ndegemwezi

Nimesoma kwa furaha, lakini kipimo chako kina tundu, na nitapita humo humo.

Hekalu la Msitu, gemu hiyohiyo ya 1998. Chora ramani yake bila rangi na bila muziki. Utapata kasri bovu, upinde, mizimwi wanne dada waliokimbia na mioto ya mienge ya ukumbini, na ile njia ndefu iliyojipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, ukiinyoosha chumba cha pili kinalala ubavu. Mti uko wapi hapo? Kipimo chako kitasema hili si la msitu. Lakini muulize yeyote aliyelicheza. Atakwambia ndilo hekalu lililomkaa mwilini. Uwanja wa ndani una mimea inayotambaa ukutani, muziki unagugumia kama kitu kinachopumua nyuma ya mlango, na jengo lenyewe linaonekana kumezwa. Hisia ya kupotea msituni iko pale, japo huruki kutoka tawi hadi tawi.

Na wa pili: magofu ya mlima wa theluji kwenye Twilight Princess ya 2006. Kila mtu alitegemea pango la barafu la kuteleza. Walichopata ni nyumba. Nyumba kubwa ya kale iliyobomoka, wanakaa mume na mke, majitu ya theluji. Mke anaumwa, amekaa karibu na moto amejifunika. Mume yuko jikoni anapika supu ya samaki. Mke anakuelekeza kwenye ramani ufunguo wa chumba cha kulala ulipo. Unapigana mpaka unafika, unafungua kasha, unakuta boga. Unarudi, anaomba radhi, mume anatia boga kwenye supu, na supu inakuwa na nguvu zaidi ya kukuponya. Safari ya pili unakuta jibini. Inatiwa pia.

Sijawahi kuona baridi ikielezwa vizuri hivyo. Nje ya dirisha theluji inaingia kwenye korido zilizobomoka, na kila ukirudi jikoni kuna moto na bakuli lenye mvuke. Unaipima baridi kwa umbali wako na lile jiko. Kwenye karatasi yako ungeandika nini? "Mchezaji anarudi kunywa supu."

#5 Nondo77

Supu ile! Nilikuwa naenda kuichota hata nikiwa na afya kamili.

#6 Mchora Ramani

Dada Ndegemwezi, umenipiga mahali penyewe na nakubali.

Hekalu la Msitu kipimo changu hakilioni, na kosa ni la kipimo. Nadhani sababu ni kwamba msitu hauna tabia moja kama maji. Maji yanajaa, yanapungua, yanabeba, yanaganda. Msitu ni mahali, na mahali hujengwa kwa sauti, mwanga na kupotea.

Ila kwenye ile nyumba ya theluji nakurudishia hoja yako. Kwenye karatasi yangu ningeandika hivi: "Mchezaji anaondoka penye joto, anakwenda mbali, anarudi penye joto, mara tatu, na kila mara joto limeongezeka." Mpe mtu maneno hayo bila kumwambia kitu kingine. Atasema ni danjeni ya baridi. Ile tabia imo ndani ya mwendo wa jengo zima badala ya kuwa ndani ya chumba kimoja. Ulichonionyesha ni kwamba nilikuwa natafuta elementi ndani ya mafumbo peke yake, kumbe inaweza kukaa kwenye njia ya kwenda na kurudi.

Tena kuna lile jambo la mwisho, kwamba bosi ni yule mke mwenyewe, amebadilishwa na kipande cha kioo. Chumba cha kulala ulichokuwa unatafuta ufunguo wake siku nzima ndicho chumba cha bosi. Theluji imeingia mpaka kitandani.

#7 Nondo77

Mimi nijibu swali la moto. Pango la Dragon Roost kwenye The Wind Waker, 2002. Ni danjeni ya kwanza kabisa, ndogo, wengi wanaipita haraka. Lakini moto wake una kazi. Kuna mitungi ya maji. Ukirusha mtungi juu ya lava, pale ulipodondoka panaganda jiwe, unasimama juu yake, na baada ya muda jiwe linarudi kuwa lava. Kuna mbao zinazoziba milango, na kuna fimbo za maadui: unaokota fimbo, unaichomeka kwenye mwenge unaowaka, unakwenda nayo kuchoma mbao au kuwasha mwenge mwingine. Hakuna aliyekupa kifaa cha uchawi hapo. Ni fimbo, maji na moto, basi.

Toa lava hapo uweke shimo. Mtungi wa maji utafanya nini juu ya shimo?

Pia msisahau Golden Sun ya 2001 kwenye Game Boy Advance. Gemu nzima imejengwa juu ya elementi nne, kila mhusika na yake, na nguvu zilezile za vitani unazitumia kwenye mafumbo. Ukiona kidimbwi sakafuni unakigandisha, kinasimama kama nguzo ya barafu, unaruka juu yake. Ukiona chipukizi unalikuza, linapanda ukutani, unalikwea. Baada ya saa chache macho yako yanabadilika. Unaingia kijijini, unaona kidimbwi karibu na ukuta, na moyo unashtuka.

#8 Mchora Ramani

Nondo, hilo la kidimbwi ndilo nililotaka mtu alitaje. Elementi imekufundisha kusoma sakafu.

Na kuna tofauti ambayo naiona kati ya mifano yako miwili. Jiwe la Dragon Roost linarudi kuwa lava. Maji yanashinda kidogo, kisha moto unarudi pale pale. Muda ule mfupi ndio unaokufanya uhisi joto, kwa sababu lava haikukubali kushindwa. Nguzo ya barafu ya Golden Sun ni tulivu, unaweza kukaa juu yake ufikirie. Zote nzuri, ila ya kwanza ina uhai zaidi kwangu.

#9 Fundi Nusu

Wakuu, naomba kuingia. Mimi natengeneza gemu yangu mwenyewe, ya kuangalia kutoka juu, nachora na kuandika programu peke yangu usiku. Nina danjeni ya moto niliyoimaliza mwezi uliopita. Nilipouona uzi huu nikachukua karatasi kama mleta uzi alivyosema.

Matokeo: vyumba kumi na viwili. Tisa ni vya kusukuma mawe na kubonyeza vitufe. Viwili ni vya kuruka juu ya lava. Kimoja ni cha bosi, na bosi ni joka. Nimempa rafiki karatasi, akasema ni ghala.

Nimeumia lakini naona ni kweli. Nianzie wapi? Siwezi kuvunja vyote.

#10 Mchora Ramani

Fundi, kwanza pole, na hongera kwa kupima kazi yako mwenyewe mbele ya mtu. Wengi hawathubutu.

Usivunje vyote. Anza kwa kuandika vitenzi vya moto, kila kimoja kwenye mstari wake. Unaenea. Unakula. Unaangaza. Unapanda juu. Unayeyusha. Unazimika ukikosa cha kula. Unaacha jivu. Kisha chagua viwili tu vibebe danjeni nzima. Ukichukua vyote saba, mchezaji hatajifunza hata kimoja.

Mimi ningechukua "unaenea" na "unakula". Ngoja nikuchoree chumba kimoja, ukijenge jinsi kilivyo halafu ukibadilishe.

Chumba cha mstatili. Mchezaji anaingia kutoka kusini. Kaskazini kuna mlango umezibwa na miiba mikavu. Katikati kuna daraja la mbao juu ya ufa, na ndiyo njia pekee ya kufika kaskazini. Upande wa kusini kuna mwenge unaowaka na fimbo chini. Daraja limetandikwa majani makavu, na majani hayo yanaanzia mguuni pa mwenge, yanapita juu ya daraja, yanafika mpaka kwenye miiba.

Mchezaji mwenye haraka atawasha majani pale pale alipo. Moto utakimbia juu ya daraja, utafika kwenye miiba, mlango utafunguka. Na daraja litakuwa limeungua. Mlango uko wazi mbele yake, hana njia ya kuufikia. Mchezaji anayesoma sakafu atavuka kwanza na fimbo inayowaka ameiinua mbali na majani, atafika ng'ambo, ataondoa majani ya mwisho wa daraja kwa upanga, ndipo awashe miiba.

Chumba kizima kina vitu vitano: mwenge, fimbo, majani, daraja, miiba. Hakuna kitufe wala jiwe la kusukuma.

#11 Kibatari

Chumba kizuri, lakini naona hatari mbili, Fundi uzisikie kabla hujajenga.

Ya kwanza: aliyeunguza daraja afanyeje? Usimwache akae pale mpaka azime gemu. Weka njia ya kutoka kusini, na akirudi chumbani daraja liwe limesimama tena. Hata bora zaidi, ufa uwe na chini yake. Akianguka, anatua kwenye chumba cha jivu cha daraja lake mwenyewe, anapanda ngazi, anaanza upya. Adhabu ya sekunde ishirini inatosha. Mtu akiadhibiwa dakika tano ataogopa kuwasha chochote, na danjeni ya moto ambayo mchezaji anaogopa kuwasha moto imekufa.

Ya pili ni uaminifu wa sheria. Kama majani yanaungua chumba hiki, yaungue kila chumba. Kama mbao za daraja zinaungua, basi na makasha ya mbao, na milango ya mbao, na mishale. Ukifanya "mbao hii inaungua, ile haiungui" umeshamwambia mchezaji aache kufikiri na aanze kubahatisha.

Waliofanya hili kwa ukamilifu ni timu ya Breath of the Wild ya 2017. Kwenye mkutano wa wabunifu wa GDC mwaka huohuo walieleza kwamba walitengeneza kitu wanachokiita injini ya kemia, na sheria zake kubwa ni tatu. Elementi inaweza kubadili hali ya kitu. Elementi inaweza kubadili hali ya elementi nyingine. Kitu hakiwezi kubadili hali ya kitu kingine. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonifumbua macho. Jiwe likigonga ubao, hiyo ni kazi ya fizikia. Lakini moto ukigusa ubao unawaka, maji yakigusa moto yanauzima, umeme unafuata chuma. Sheria tatu, na dunia nzima inazifuata: nyasi zinaungua na kutoa hewa moto ya kukuinua angani, mvua inazima mienge na kufanya mwamba uteleze, na ukibeba chuma wakati wa radi unatafuta kifo.

#12 Ngalawa

Lakini Kibatari, si hao hao waliotengeneza zile danjeni nne zinazofanana? Wanyama wanne wa mashine, maji, moto, upepo na umeme, ukiingia ndani ukuta ni uleule.

#13 Kibatari

Ngalawa, ndiyo, sura ni moja na hilo linaniuma. Lakini zipitishe kwenye karatasi ya mleta uzi uone jambo la ajabu. Yule wa maji, Vah Ruta, unauongoza mkonga wake kutoka kwenye ramani, na maji yanamwagika pale unapotaka: yanazungusha gurudumu, yanazima moto. Yule wa umeme, Naboris, unazungusha mapipa makubwa ya tumboni mpaka njia ya umeme inaungana. Hao wanapita. Wa moto, Rudania, unaanza gizani, na hapo moto ni mwanga, nikafurahi sana. Ukishapata udhibiti wake na kuanza kumlaza digrii 90, fumbo kubwa linakuwa la mwelekeo, na moto unasogea pembeni.

Nje ya danjeni kuna kemia nzima. Ndani imebaki nusu. Hiyo ndiyo huzuni yangu na gemu ninayoipenda kuliko zote.

#14 Ngalawa

Sawa, hapo nimekuelewa. Niseme na langu kuhusu upepo na giza, maana naona hakuna anayevigusa.

Upepo ni mgumu kwa sababu hauonekani. Mbunifu analazimika kuuonyesha kwa vitu vingine: majani yanayopeperuka, vumbi, kitambaa kwenye mlingoti, sauti inayobadilika ukikaribia kona. Ndiyo maana danjeni nyingi za upepo zinaishia kuwa mafeni sakafuni yanayokurusha juu. Na feni ni ngazi iliyochangamka.

Giza nalo naliita elementi, mnisamehe wale mnaosema elementi ni nne tu. Kaburi la Majitu kwenye Dark Souls ya 2011: huoni hatua tatu mbele, na kuna maporomoko kila upande. Ukipata taa ya fuvu unaona, lakini taa inashikwa mkononi. Mkono ule ulikuwa wa ngao. Basi kila ukisikia mifupa inasogea mbele yako unachagua: nione au nijikinge? Mleta uzi alisema maji yanauliza unazama au unaelea. Giza linauliza hilo.

#15 Ndegemwezi

Ngalawa, hilo la taa na ngao limenipendeza mno.

Niongeze moja, halafu nimwachie Fundi. Mti wa Ginso kwenye Ori and the Blind Forest, 2015. Maji ya msitu yamechafuka, unapanda ndani ya mti kwenda kuyarudishia usafi. Muda wote unayahurumia hayo maji. Unapofika moyoni na kufanikiwa, yanarudi yote kwa pamoja, yanajaa mti kutoka chini, na wewe uko ndani. Unakimbia juu na maji yako nyuma ya visigino, muziki unapaa, na ukikosea unaanza kukimbia upya. Nilikufa mara nyingi pale na sikukasirika hata mara moja. Kitu nilichokiokoa ndicho kilichokuwa kinanifukuza, na hakikuwa na ubaya wowote. Yalikuwa maji yanayorudi nyumbani.

Kwa hiyo Fundi, ukishamaliza vyumba vyako, jiulize moto wako unataka nini. Joka la mwisho ni adui wa moto tu, au ni moto wenyewe?

#16 Mchora Ramani

Naomba Fundi asome mara mbili alichoandika Ndegemwezi. Mimi nilikuja na kipimo cha penseli, na penseli haiwezi kuchora hilo.

Jambo dogo la kiufundi kabla hujaondoka, Fundi: mfundishe mchezaji majani yanaungua kabla ya chumba cha daraja. Chumba cha kwanza kabisa, weka majani machache na adui mmoja mwenye mwenge. Adui akimkimbilia mchezaji atayawasha mwenyewe bila kukusudia. Mchezaji ataona, bila maandishi yoyote kwenye skrini.

#17 Fundi Nusu

Wakuu, nimerudi. Samahani kwa kimya, nilikuwa najenga.

Nimevunja vyumba vitano kati ya vile tisa vya mawe. Chumba cha daraja nimekijenga kama mleta uzi alivyokichora, na ufa una chini yake kama Kibatari alivyosema. Ukianguka unatua kwenye mbao zilizoungua na bado zinafuka. Chumba cha kwanza nimeweka adui na mwenge wake. Sheria ni moja kila mahali: kitu cha mbao, jani au kamba kinaungua, kitu cha jiwe hakiungui. Ilinibidi nibadilishe makasha yote yawe ya mawe, maana wachezaji wangeniunguzia funguo.

Joka bado lipo, ila halitemi tena moto ovyo. Ukumbi wake una sakafu ya majani, na linalala. Likiamka linawaka mwili mzima, na kila linapopita linakula sakafu. Unapigana huku mahali pa kusimama panapungua. Likimaliza majani yote linaanza kufifia lenyewe. Bado sijui kama ushindi ni kulipiga au kulikimbia mpaka lizimike. Nimeacha njia zote mbili.

Jana nilimpa padi yule rafiki aliyesema ghala. Chumba cha kwanza adui alimkimbilia, majani yakashika, akaruka nyuma kwenye kiti. Chumba cha daraja aliwasha haraka, daraja likaungua, akaanguka, akacheka, akapanda ngazi. Mara ya pili aliokota fimbo, akaiwasha, akasimama. Alikaa pale kama dakika nzima bila kugusa kitufe. Nikadhani gemu imekwama, nikainuka niangalie. Akanizuia kwa mkono.

"Ngoja," akasema. "Naangalia haya majani yanaanzia wapi."